Pura Belpré, Msimulizi wa Hadithi

Kisiwa cha Puerto Rico kimo katika bahari ya Karibi. Wenyeji wake husema Kihispania, kwa kuwa Wahispania walikitawala karibu miaka 400, hata mwaka 1898 waliposhindwa vitani na Marekani ikakitwaa. Muda mfupi baada ya hayo, katika mji mdogo wa Cidra, alizaliwa binti aitwaye Pura Belpré.

Bibi yake alikuwa hodari wa kusimulia hadithi. Moja ilikuwa ya Martina, mende mzuri aliyeposwa na wanyama wengi. Kila mmoja alitoa sauti yake, naye akawakataa wote, isipokuwa panya Pérez mwenye sauti ya upole. Wakaoana. Lakini siku moja panya alivutwa na harufu ya chakula kitamu, akachungulia chunguni, akatumbukia humo. Maskini Martina akabaki akimlilia.

Pura alipokua alianza masomo ya chuo kikuu, akitaka kuwa mwalimu. Mwaka 1920 akasafiri kwenda New York kuhudhuria arusi ya dada yake, akakaa huko. Wakati huo watu wa Puerto Rico walikuwa wakihamia kwa wingi mtaa wa Harlem, wakaapo watu weusi. Bibi Ernestine Rose, mkuu wa maktaba ya mtaa huo, alitafuta msaidizi ajuaye Kihispania, na mwaka 1921 akamwajiri Pura.

Katika rafu za watoto Pura aliona hadithi za nchi nyingi. Akazitafuta zile za bibi yake, asizione hata moja. Tena kulikuwa na desturi kwamba watoto wasisimuliwe ila hadithi iliyokwisha kuchapwa kitabuni. Mtu mwingine angenyamaza. Yeye, akiwa bado anajifunza kazi ya ukutubi, aliandika habari za Pérez na Martina kwa mkono wake, na wakubwa wake wakampa ruhusa ya kuwasimulia watoto kabla hazijachapwa. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1932.

Shuleni watoto hao walifundishwa kwa Kiingereza, na wazazi wao wengi walidhani maktaba ni nyumba ya wasemao Kiingereza tu, wakapita mlangoni bila kuingia. Basi Pura akawafuata. Alikwenda shuleni, makanisani na katika nyumba za mikutano, akasimulia kwa Kihispania na kwa Kiingereza, ili mgeni aelewe na mwenyeji asikose. Alijitengenezea wanasesere wa kuchezeshwa kwa mikono, nao wakapendwa mno. Kabla ya hadithi mshumaa uliwashwa. Hadithi ilipokwisha, mtoto aliuzima kwa kuupuliza huku akinuia jambo moyoni mwake.

Alipohamishiwa maktaba ya barabara ya 115 alianzisha humo sherehe ya Sikukuu ya Mamajusi. Huko Puerto Rico, usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari, watoto huweka majani kwa ajili ya ngamia wa wafalme hao, na asubuhi hukuta zawadi. Hivyo desturi ya kwao ikafanywa mbele ya watu wote, katika nyumba ile ile ambayo wazazi wao waliiogopa.

Mwaka 1943 aliolewa na Clarence Cameron White, Mmarekani mweusi, mpiga fidla na mtungaji wa muziki. Akaacha kazi, akasafiri na mumewe na kuandika vitabu. Mumewe alipofariki mwaka 1960 alirudi maktabani. Mwaka 1968, umri wake ukiwa umekwisha kuwa mkubwa, alitiwa katika kazi mpya ya maktaba za South Bronx, penye watu wengi wa kwao, akawachukulia tena wanasesere wake.

Mwaka 1982 alipewa tuzo ya sanaa na Meya wa New York, na tarehe 1 Julai mwaka huo huo akafariki. Tangu mwaka 1996 wakutubi wa Marekani hutoa nishani yenye jina lake kwa waandishi na wachoraji wa asili ya Kilatini wawatungiao watoto vitabu.