John Gay, mwandishi aliyeweka wezi kwenyi opera

Tarehe 29 mwezi wa kwanza 1728, watu wa London waliingia kwenyi teatre kuangalia opera, wakakuta wezi. Hapakuwa na mfalme wala miungu ya zamani, na hakuna aliyeimba Kiitalia, ile lugha ya opera za matajiri. Wachezaji waliongea Kiingereza, halafu wakaimba kwa melodi ambazo hata muuza samaki alizijua. Mchezo uliitwa The Beggar's Opera, ni kusema Opera ya Mwombaji. Mwandishi wake, John Gay, alikuwa na miaka 42 na alikuwa amechoka kungojea wakubwa.

Alizaliwa 1685 Barnstaple, mji mdogo wa magharibi ya Uingereza. Wazazi wake walikufa yeye akingali mtoto. Akatumwa London kujifunza kazi ya kuuza hariri, lakini ile kazi haikumwingia, akashika kalamu. Mwaka wa 1720 mashairi yake yalimletea karibu pauni 1000. Akanunua hisa za South Sea Company, na mwaka uleule bei ya hisa ikaanguka. Franga zikaenda hivyo.

Akabaki kutegemea nyumba ya mfalme. Mwaka wa 1727 aliandikia mtoto wa mfalme kitabu kizima cha hadithi za wanyama, akingoja kazi ya maana. Alichopewa ni kumtumikia binti wa mfalme ambaye hakuwa amefikisha hata miaka mitatu. Gay akakataa. Baada ya miaka mingi ya kuinama, kukataa kule kulihitaji roho ngumu.

Rafiki yake, mwandishi Jonathan Swift, alikuwa amempa wazo zamani: kuandika juu ya wezi wa gereza la Newgate. Ndani ya opera yake, Peachum ananunua vitu vya wizi, na mwizi asipoleta faida tena anamuuza kwa tribinali ili apate zawadi. Binti yake Polly anaolewa kwa siri na Macheath, jambazi wa njiani. Wazazi hawalii juu ya ndoa. Wanapiga hesabu ya franga watakazopata akinyongwa. Watu wa London walielewa mara moja, maana Jonathan Wild, aliyefanya biashara sawa ile, alinyongwa 1725. Walielewa pia kwamba mambo hayakuishia kwa wezi. Yalimgusa Robert Walpole, mkubwa wa serikali, mtu wa kununua watu kwa vyeo.

Nguvu yenyewe ilikuwa kwenyi nyimbo, 69 zote pamoja. Gay alichukua melodi za barabarani akaweka maneno mapya, na mwanamuziki Pepusch akazipangia vyombo. Hata wimbo wa maaskari kutoka opera ya Handel uliibwa, wakapewa majambazi. Mtu aliyejua melodi alirudi nyumbani na maneno mdomoni, na nani angeweza kumnyang'anya?

Mchezo ulionyeshwa mara 62 msimu ule wa kwanza. Waandishi wengine wakakimbia kuiga, na kutoka hapo ikakua opera ya kuchekesha ya Kiingereza: maongezi ya kawaida, nyimbo katikati. Baadaye watunzi walianza kuandika melodi zao wenyewe.

Gay akaandika Polly, mwendelezo wake. Mwisho wa 1728 serikali ikaukataza hata kabla haujaonyeshwa. Akauchapisha kitabu, na watu wakanunua hata akapata franga kupita zile za mchezo wa kwanza. Rafiki yake, mke wa mtawala wa Queensberry, alifukuzwa kwenyi nyumba ya mfalme sababu alitafutia kile kitabu wanunuzi palepale ndani.

Gay alikufa tarehe 4 mwezi wa 12, 1732, akazikwa Westminster Abbey. Miaka mitano nyuma yake sheria ikaamuru kila mchezo mpya usomwe kwanza na serikali. Polly ulipanda jukwaani mara ya kwanza 1777.