Émile Zola: mpenda chakula aliyeshuka shimoni

Wandugu, kwetu watu wengi wanajua jina la Zola juu ya kitabu kimoja: Germinal. Wengine walikisoma shuleni, wengine waliona filamu tu. Kinasimulia greve ya wachimbaji wa makaa ya mawe kaskazini mwa Ufaransa. Lakini mwenye kukiandika hakuchimba hata siku moja. Alikuwa bwana wa Paris, mnene, mwenye miwani, aliyependa kula vizuri na kwenda kuandika kando ya bahari. Leo nitasimulia maisha yake kwa kufuata sahani yake, maana sahani hiyo ndiyo ilimleta mpaka kwetu siye watu wa shimo.

Alizaliwa Paris tarehe 2 Aprili 1840. Baba yake, François Zola, alikuwa injinia mzaliwa wa Venice, Italia. Familia ikahamia Aix-en-Provence, kusini, fasi baba alikuwa na kazi ya kujenga bwawa la kuleta maji mjini. Mwaka 1847 baba akafa. Émile alikuwa bado hajatimiza miaka saba, na mama akabaki na madeni. Nyumba ikawa inapungua, kila kuhama ni kwenda pabaya zaidi.

Mwaka 1858 alimfuata mama Paris. Mwaka uliofuata alijaribu mtihani wa baccalauréat mara mbili, akaanguka mara mbili. Hapo ndipo alijua njaa. Alilala katika vyumba vya baridi juu kabisa ya nyumba za watu, na inasimuliwa kwamba alitega ndege wadogo juu ya paa ili apate kitu cha kuchoma. Mwaka 1862 akapata kazi kwa wauza vitabu Hachette, kwanza kufunga mizigo ya vitabu. Bibi yake Alexandrine, waliyeoana mwaka 1870, naye alikulia katika umaskini. Alikuwa mpishi hodari. Njo maana nyumba yao, pesa zilipokuja, ilikuwa nyumba ya kula: wote wawili walijua maana ya sahani tupu.

Mwaka 1873 alitoa kitabu kuhusu Les Halles, soko kubwa la chakula la Paris. Jina lake ni Le Ventre de Paris, ndiyo kusema tumbo la Paris. Kabla ya kuandika alizunguka soko lile hata usiku, akitazama magari ya mboga yakiingia, akaandika kila kitu kwenye karatasi. Humo kuna sehemu moja ambayo Wafaransa hawaisahau, ile ya duka la jibini, ile siye tunaita fromaji. Wanawake watatu wanasengenya mtu, na kuwazunguka wako fromaji za kila aina: brie, camembert, roquefort, gruyère, livarot. Joto linapanda, harufu inazidi, na maneno yao nayo yanazidi kuoza. Paka mtu anayependa fromaji anaweza kuandika vile, juu ya amezijua moja moja kwa pua.

Lakini katika soko lile lililojaa nyama na samaki, Zola aliweka mtu mmoja mwembamba, Florent, aliyetoroka kifungo huko Cayenne na kurudi Paris na njaa. Wanene wa soko hawamwamini, mwisho wanamtoa kwa polisi. Kitabu kinagawa watu makundi mawili, wanene na wembamba. Zola mwenyewe alikuwa anaanza kuwa mnene, lakini aliandika kwa macho ya mwembamba.

Tangu 1874 alikuwa anakula kila mwezi pamoja na Flaubert, Daudet, Goncourt na Mrusi Turgenev. Wote watano walikuwa wametunga michezo ya kuigiza ambayo watu waliizomea. Walikula, wakabishana juu ya vitabu mpaka usiku.

Kiangazi kikifika, Zola aliacha Paris akaenda baharini. Mwaka 1875 alikuwa Saint-Aubin-sur-Mer, pwani ya Normandie. Mwaka 1876 akaenda Piriac, Brittany, kula vitu vya baharini vyenye magamba, na akatunga hadithi ya kuchekesha juu ya mume aliyeagizwa na daktari kula vitu hivyo ili apate mtoto. Mwaka 1877 alikaa L'Estaque, karibu na Marseille, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi. Hapo alirudia vyakula vya utoto wake wa kusini, zaidi bouillabaisse, ule mchuzi wa samaki wenye zafarani na kitunguu saumu. Wala tusifikiri alikwenda kulala. Kila asubuhi alikaa mezani na kuandika kurasa zake chache, bahari iko mbele. Mchana ndipo alikula. Vile ndivyo alimaliza vitabu 20 vya ukoo wa Rougon-Macquart, kati ya 1871 na 1893. Kwa pesa za kimoja kati ya hivyo, L'Assommoir, alinunua nyumba Médan mwaka 1878.

Sasa tufike kwenye jambo letu. Kiangazi cha 1883 alikuwa Bénodet, tena Brittany. Hapo alikutana na Alfred Giard, mwalimu wa elimu ya wanyama na mbunge wa Valenciennes, mkoa wa makaa ya mawe. Wakiwa katika mapumziko yale ya bahari, Giard akamsimulia maisha ya wachimbaji. Mtu mwingine angesikia, angetikisa kichwa, na kuomba samaki mwingine. Zola hakusahau. Februari 1884 greve ilipoanza Anzin, alipanda treni, akajulishwa kule kama katibu wa Giard. Aliingia katika nyumba za wachimbaji, katika baa zao, akauliza bei ya vitu, akauliza wanakula nini. Akashuka shimo la Renard, Denain, mita 675 chini.

Greve ile ilidumu siku 56. Kampuni ilitaka kubadilisha kazi ya kuweka na kutengeneza miti inayoshikilia mwamba, na wachimbaji waliona mshahara na usalama wao unaguswa. Walishindwa, na wengi hawakurudishwa kazini. Lakini katikati ya greve hiyo, tarehe 21 Machi 1884, Ufaransa ilipitisha sheria ya kuruhusu sendika.

Germinal ilitoka mwaka 1885. Angalieni inavyoanza nyumbani kwa familia ya Maheu. Ni saa kumi ya alfajiri. Catherine, msichana wa miaka 15, anatengeneza chakula cha watu wanne wanaoshuka. Mkate umebaki kipande, siagi karibu imekwisha, ila fromaji nyeupe iko. Anapaka fromaji kipande kimoja, siagi kingine, anavibandika. Hicho wachimbaji wa kule wanakiita briquet. Anapanga vinne kwa haki, cha baba kikubwa, cha mdogo kidogo. Kahawa ni maji ya moto juu ya machicha ya jana. Ni mwandishi yule yule wa duka la fromaji, lakini hapa fromaji ni moja tu, na inapimwa.

Katika kitabu hicho mama Maheu anakwenda na watoto wawili kwa wenye hisa za mgodi, kuomba franka tano. Wanampa nguo na vipande vya brioche, pesa hapana. Baadaye, wakati wa greve, wakubwa wanakula karamu, na nje wanawake wanapita wakilia mkate.

Maisha yake yaliyobaki nitayapitisha haraka. Alinenepa kupita kilo 90, akajilazimisha kupungua. Mwaka 1898 alimtetea kapiteni Dreyfus, Myahudi aliyefungwa bila kosa. Akahukumiwa, akakimbilia Uingereza karibu mwaka mzima, na huko chakula kilimshinda kabisa.

Alikufa Paris tarehe 29 Septemba 1902, usiku, kwa ile hewa ya sumu ya moto wa makaa, isiyo na harufu. Dohani ya chumba chake ilikuwa imeziba. Hewa hiyo siye wa shimo tunaijua. Siku ya maziko, tarehe 5 Oktoba, wachimbaji walitoka Denain wakapita mbele ya jeneza wakitaja jina la kitabu chao, wakirudilia, wakirudilia: Germinal. Mwaka 1908 taifa lilimpeleka Panthéon.

Mimi ni mtu wa sendika. Nimekaa kwenye meza za majadiliano ambapo wakubwa wanaleta hesabu za tani na bei ya soko la dunia, na siye tunajibu kwa hesabu nyingine za karatasi. Tangu nisome kitabu hiki, ninauliza kwanza wenzangu kitu kimoja: leo asubuhi bibi yako alikufungia nini ya kula kule chini? Majibu ninayaandika, na ninayasoma kwa sauti mbele yao.