Alan Turing: Aliyetuonyesha kuwa mlinzi mmoja hatoshi

Kuna swali ambalo vijana wengi wenye kompyuta nyumbani huuliza: kama nishaweka antivairasi, faiawoli ni ya kazi gani tena? Si ni kuilemea mashine bure tu? Jibu lake lilianza kuandikwa mnamo 1936, wakati kompyuta tunazozijua leo hazikuwepo. Aliyeliandika ni jamaa wa miaka 23 aliyeitwa Alan Turing.

Turing alizaliwa jijini London tarehe 23 Juni 1912. Babake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kule India, kwa hivyo Alan na kakake John waliachwa Uingereza kwa muda mrefu walelewe na watu wengine. Akiwa na miaka 13 alipata nafasi katika shule ya bweni ya Sherborne. Siku ya kufungua shule iliangukia mgomo mkuu wa wafanyakazi wa 1926, na treni zilikuwa zimesimama. Mwingine angerudi kulala. Yeye alichukua baiskeli, akaiendesha karibu kilomita 100, akalala njiani usiku mmoja, na kesho yake akaripoti.

Huko shuleni alimpata rafiki wa dhati, Christopher Morcom, kijana aliyependa hesabu na nyota kama yeye. Mnamo Februari 1930 Morcom alifariki kwa kifua kikuu. Kifo hicho kilimuumiza Turing vibaya. Aliendelea kumwandikia mamake Christopher barua kwa miaka mingi, na swali la jinsi akili ya mtu inavyofanya kazi halikumtoka tena.

Alijiunga na chuo cha King's, Cambridge, kusomea hisabati. Hapo ndipo alipoandika makala yaliyobadilisha dunia. Alibuni mashine ya mawazoni tu: utepe mrefu wenye alama, kichwa cha kusoma na kuandika alama hizo, na orodha ya maagizo. Kisha akaonyesha kuwa mashine moja ya aina hiyo inaweza kufanya kazi ya nyingine zote, mradi ipewe maagizo yake. Ndiyo sababu leo kipakatalishi unachochezea gemu ndicho hicho hicho unachoandikia kazi ya chuo.

Lakini makala hayo yalikuwa na habari mbaya pia. Turing alithibitisha kuwa kuna maswali ambayo hakuna mashine itakayoweza kuyajibu daima. Chukua mfano huu. Tuseme kuna mtabiri, yaani programu inayotazama programu nyingine yoyote na kusema itafanya nini. Nami naunda programu kaidi: kwanza inamuuliza mtabiri anasemaje kuihusu, halafu inafanya kinyume. Akisema itasimama, inaendelea milele. Akisema itaendelea, inasimama hapo hapo. Kwa vyovyote vile, mtabiri ameumbuka. Basi mtabiri asiyekosea hawezi kuwepo, hata apewe mashine yenye nguvu kiasi gani.

Karibu miaka 50 baadaye, mnamo 1984, mtafiti Mmarekani Fred Cohen alitumia hoja ya aina hiyo kwa virusi vya kompyuta. Akaonyesha kuwa hakuna antivairasi inayoweza kutambua kila kirusi bila kukosea. Tatizo si uvivu wa kampuni zinazoziunda. Ni hesabu.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka, Turing aliripoti kazini Bletchley Park tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita. Sasa akawa upande wa wanaovunja. Kazi yake ilikuwa kuipasua Enigma, mashine iliyoficha ujumbe wa jeshi la Ujerumani. Enigma ingeweza kupangwa kwa namna zaidi ya bilioni 150 mara bilioni moja, na Wajerumani waliiamini kupita kiasi. Wanahisabati wa Poland walikuwa washaanza kuivunja tangu 1932, na mnamo 1939 wakawapa Waingereza siri zao. Turing akasanifu mashine ya Bombe ya kuharakisha kazi, na mwenzake Gordon Welchman akaiboresha.

Je, walipenyea wapi? Enigma kamwe haikugeuza herufi ikawa herufi ile ile: A haikutoka ikiwa A. Tena makarani walizoea kutuma ripoti za hali ya hewa kwa maneno yale yale, karibu saa zile zile. Kasoro ndogo ya mashine pamoja na mazoea ya watu vikafungua mlango. Adui naye alipoboresha kinga yake, mambo yaligeuka. Februari 1942 Enigma za nyambizi za Ujerumani katika Atlantiki ziliongezewa gurudumu la nne, na Waingereza wakabaki gizani hadi Desemba.

Vita hivyo vya siri vilifika hata kwetu. Mwaka huo wa 1942, wavunja siri wa Uingereza waliokuwa wakilifuatilia jeshi la majini la Japani walihamia Mombasa na kufanyia kazi katika shule ya Allidina Visram. Turing mwenyewe hakuwa kati yao.

Wenzake walimwona mtu wa vituko. Alifunga kikombe chake kwa mnyororo kisiibwe. Msimu wa chavua, alivaa barakoa ya gesi akiendesha baiskeli ili asipige chafya. Mnamo 1947 alikimbia marathon kwa saa 2 na dakika 46, muda wa kuheshimika hata kwa sisi Wakenya tusiotishika kirahisi na mbio. Mnamo 1950, akiwa Manchester, alichapisha makala yaliyouliza kama mashine inaweza kufikiri, swali ambalo leo liko midomoni mwa kila mtu.

Mapema 1952 nyumba yake ilivunjwa. Akapiga ripoti kwa polisi kama raia yeyote, lakini uchunguzi ukamgeukia yeye. Alishtakiwa kwa uhusiano wa kimapenzi na mwanamume, kosa la jinai Uingereza wakati huo. Ili asifungwe jela, alikubali kupewa homoni za kuua ashiki. Kibali chake cha kazi za siri kikafutwa. Tarehe 7 Juni 1954 alifariki kwa sumu ya sayanaidi akiwa na miaka 41, na uchunguzi rasmi ukaamua kuwa alijiua. Aliyoyafanya vitani yalikuwa bado siri. Serikali iliomba radhi mnamo 2009, msamaha wa Malkia ukatolewa 2013, na tangu 2021 picha yake iko kwenye noti ya pauni 50.

Sasa turudi kwenye kompyuta yako. Faiawoli ni soja wa geti: hutazama mawasiliano yanayoingia na kutoka, na kumfungia nje asiyealikwa. Lakini haioni flashi uliyoazima kwa rafiki ukaichomeka, na faili uliyoipakua mwenyewe inaweza kuipita. Hapo ndipo antivairasi huingia, ikipekua mizigo iliyo ndani ya nyumba. Nayo peke yake haitoshi. Agosti 2003, kirusi cha Blaster kilivamia kompyuta nyingi za Windows kupitia mtandao bila wenyewe kubofya chochote. Windows XP ilikuwa na faiawoli, ila ilikuja ikiwa imezimwa. Mwaka uliofuata Microsoft ikatoa sasisho lililoiwasha.

Windows 10 na 11 huja na zote mbili bure. Hakikisha ziko hai, hasa kama uliwahi kuzizima ili gemu ya wizi ikubali kuingia. Usiwashe antivairasi mbili kwa pamoja, maana hugombana na kuifanya mashine nzito. Unachohitaji ni walinzi wawili wenye kazi tofauti. Sasisha kila unapoombwa, kwani kirusi cha leo huenda hakimo kwenye orodha ya jana. Na kazi zako muhimu, weka nakala kando. Hata walinzi wawili hawajaifuta ile hesabu ya 1936.