Burt Munro: Mzee wa miaka 68 aliyesuka injini nyumbani na kuvunja rekodi ya dunia

Agosti 1967, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah nchini Marekani, mzee wa miaka 68 alilala kifudifudi juu ya pikipiki ya mwaka 1920 na kufungua mafuta mpaka mwisho.

Alipomaliza, alikuwa na rekodi ya dunia ya pikipiki zenye injini isiyozidi cc 1,000. Injini yenyewe ilisukwa kwenye kibanda, upande wa pili wa dunia, na huyo huyo mzee.

Anaitwa Herbert James Munro, lakini wapenda mashine wanamjua kama Burt. Alizaliwa Machi 25, 1899, Invercargill, mji ulioko kusini kabisa mwa New Zealand. Pacha wake wa kike alifariki wakati wa kuzaliwa.

Alikulia shambani na kasi ilimkolea mapema. Alikuwa akichukua farasi mwenye mbio kuliko wote pale nyumbani na kumkimbiza, huku baba yake akilalamika.

Mwaka 1920, akiwa na miaka 21, alinunua pikipiki mpya aina ya Indian Scout kutoka Marekani. Injini ilikuwa na silinda mbili na cc 600, na mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 89 kwa saa. Kwa siku zile hiyo ilikuwa mbio. Kwa Munro haikutosha, na hakuwa na hela ya kununua nyingine kali zaidi.

Basi akaishusha injini.

Tukielewane hapo. Kushusha injini ukabadilisha ringi, gasketi na beringi ni kazi ya kila siku gereji. Unatoa spea iliyochoka, unaweka mpya ya kiwandani, unafunga. Munro alitaka injini itoe nguvu ambayo kiwanda hakikuwahi kuifikiria, kwa hiyo spea alizohitaji hazikuuzwa popote. Ikabidi azitengeneze.

Pistoni alizisubu mwenyewe. Aliyeyusha chuma na kumimina kwenye makopo ya zamani. Konrodi, yaani vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, alizichonga kwa mkono kutoka ekseli ya trekta. Silinda, magurudumu mazito ya ndani ya injini, kemu na mfumo wa kupitisha oili, vyote vilipita mikononi mwake. Kifaa chake cha kupimia kilitokana na spoku kuukuu. Valvu alizihamisha kutoka ubavuni mwa silinda na kuzipandisha juu, ili injini ipumue vizuri zaidi.

Yote hayo aliyafanya usiku. Mchana alikuwa muuzaji wa pikipiki, na mara nyingi alikesha na mashine, kisha asubuhi akaenda kazini.

Injini ilinoki mara nyingi mno. Sababu iko wazi kwa fundi yeyote: ukizungusha injini kwa kasi maradufu, mzigo unaovuta konrodi unakuwa mara nne. Na upepo nao unadai chake, kwa kuwa kwenda kasi mara mbili kunahitaji nguvu kama mara nane kuushinda. Kila alipoongeza kidogo, kitu kilikatika, kilipasuka au kiliyeyuka.

Vipande vilivyokufa hakuvitupa. Alivipanga kwenye shelfu ya kibandani na kuiandikia maneno ya utani, kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa kasi. Ukiitazama vizuri shelfu ile, ndiyo ilikuwa daftari lake: kila chuma kilichovunjika kilimwonyesha wapi panahitaji unene zaidi.

Mwaka 1938 aliweka rekodi yake ya kwanza ya New Zealand. Mazoezi mengi alifanya ufukwe wa Oreti, karibu na kwao, juu ya mchanga mgumu.

Nyumbani mambo hayakwenda hivyo. Alimuoa Beryl Martyn mwaka 1925 na wakapata watoto wanne, lakini ndoa ilivunjika mwaka 1947. Munro aliishia kuishi kwenye gereji, yeye na pikipiki zake. Filamu ya mwaka 2005, ambamo Anthony Hopkins alimwigiza, inamfanya mzee mchangamfu wa kupendeza. Alikuwa hivyo, ila mtu anayekesha na pistoni miaka nenda rudi kuna watu anawanyima muda, na bili hiyo haikulipwa na yeye peke yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 moyo nao ukaanza kumsumbua, maumivu ya kifua. Daktari yeyote angemwambia apumzike. Yeye akaisafirisha Scout hadi Marekani.

Mwaka 1962, injini ikiwa imepanuliwa hadi cc 850, aliweka rekodi ya kilomita 288 kwa saa. Alirudi tena na tena. Mwaka 1967 ilikuwa imefika cc 950, na pikipiki imevalishwa ganda refu la kukata upepo. Kwenye mkimbio mmoja wa kufuzu aligusa kilomita 305.89 kwa saa. Rekodi rasmi, ambayo ni wastani wa mikimbio miwili, ikaandikwa 295.45.

Kumbuka fremu ile ilitengenezwa kwa mwendo wa kilomita 89.

Mwaka 1977 alipata kiharusi na mikono ikapoteza wepesi wake. Hakutaka pikipiki ziondoke kwao, akaziuza kwa mfanyabiashara wa hapo hapo. Alifariki Januari 6, 1978, akiwa na miaka 78. Scout yake bado inaonekana Invercargill, ndani ya duka la vifaa vya ujenzi na ufundi, katikati ya nyundo na misumari.

Miaka 36 baada ya kifo chake, mwanawe alipitia hesabu za 1967 na kugundua wastani ulikosewa. Chama cha mchezo huo Marekani kikakubali. Mwaka 2014 rekodi ikasahihishwa na kupanda hadi kilomita 296.26 kwa saa.