Bwana Linnaeus na Marakuja

Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na sasa nasoma Mbarara. Kwetu Wakongo husema marakuja, wenyeji husema obutunda, na watu wa pwani husema karakara.

Likizo iliyopita mdogo wangu aliona kando ya shamba mmea utambaao, ua lake kama la marakuja. Aliniuliza kama matunda yake huliwa. Kwa kiburi cha mwanafunzi mkubwa nikamjibu kwamba ni marakuja, ale tu. Akala mabichi, akatapika usiku kucha. Nilipourudi shule kwa haya, nikasoma habari za Carl Linnaeus.

Mtu huyu alizaliwa Uswidi mwaka 1707, mwana wa mchungaji aliyependa bustani. Shuleni alipenda maua kupita vitabu, hata walimu wakamwambia baba yake kuwa hafai kwa elimu ya juu. Lakini daktari mmoja, Johan Rothman, akamchukua na kumfundisha. Mwaka 1741 akawa profesa huko Uppsala.

Zamani zile jina la mmea kwa Kilatini lilikuwa refu kama sentensi. Katika kitabu chake cha mwaka 1753 Linnaeus aliupa kila mmea majina mawili tu: la ukoo na lake wenyewe. Ukoo wa marakuja ni Passiflora, yaani ua la Mateso, kwa kuwa wamisionari wa Amerika waliona ndani yake taji ya miiba na misumari ya Bwana. Alifariki mwaka 1778, lakini kazi yake haikufa. Mwaka 1818 Mwingereza John Sims aliifuata, akaita marakuja yetu Passiflora edulis, maana yake yenye kuliwa.

Basi nilipofika nyumbani tena, niliutazama ule mmea vizuri. Jani la edulis limegawanyika pande tatu, ukingo wake una meno, wala halina manyoya. Huu ulikuwa na manyoya, jani likifikichwa lanuka, na tunda limefungwa katika wavu wa nyuzi zenye kunata. Linnaeus aliuita Passiflora foetida, yaani wenye kunuka. Tunda lake bivu huliwa. Bichi lina sumu.

Mdogo wangu alipona, namshukuru Mungu. Ndugu zangu, ndugu wa ukoo mmoja hawana tabia moja. Tutazame jani kwanza, ndipo tufungue kinywa.