Granville Woods, fundi wa Columbus aliyebishana na kina Edison akashinda

Ndugu zangu, Edison tumemjua tangu shule ya msingi. Walioko Louisville wanaweza hata kwenda kuiona nyumba yake ya makumbusho pale Butchertown. Alikuwa kijana wa telegrafu mjini humo mwaka 1866 na 1867, akafukuzwa kazi baada ya kumwaga asidi ikapenya sakafuni hadi kwenye meza ya bosi chini. Huyu mwingine hatukufundishwa, na ni wa kwetu kwa rangi.

Granville T. Woods, kwa mujibu wa vitabu vingi, alizaliwa Columbus, Ohio, tarehe 23 Aprili 1856. Magazeti ya enzi zake yaliwahi kuandika kwamba katokea Australia. Labda Mweusi wa kutoka mbali alisikilizwa kidogo kuliko mzawa; sisi wa kuja tunaujua mchezo huo. Shule aliiacha akiwa na miaka 10 hivi, akaingia karakana, kisha reli, kisha meli. Umeme alijisomea. Baadaye akafungua kampuni yake Cincinnati.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo jamaa alipotisha. Zamani zile waya wa telegrafu ulibeba vidoa na vistari vya Morse, na simu ilibeba sauti, kila kitu na njia yake. Mwaka 1885 Woods alipata hataza ya chombo kilichoweza kutuma vyote viwili kwa waya mmoja: asiyejua Morse anaongea tu. Kampuni ya American Bell ikakinunua. Wale wenzangu wa kompyuta mtalielewa haraka hili: data inaingia kwa umbo moja, inageuzwa, inapita, upande wa pili inarudishwa ilivyokuwa.

Lakini treni inayotembea utaiunganishaje na waya? Siku zile treni ikishaondoka stesheni imeondoka, na mbili zikikutana kwenye reli moja ni maafa. Woods alifunga koili chini ya behewa na kutandaza waya kando ya reli. Mkondo wa Morse kwenye koili unabadilika, uga wa sumaku unabadilika nao, na waya wa pembeni unapata mkondo bila kuguswa. Ukitoka stesheni, njia ni hiyohiyo kinyumenyume. Kipokezi kinageuza mkondo kuwa sauti sikioni. Hataza ilitoka tarehe 29 Novemba 1887.

Haikutoka kirahisi. Lucius Phelps na kambi ya Edison walidai wao ndio wa kwanza. Woods alikuwa na wazo hilo tangu 1881, ila ndui ilimlaza muda mrefu, na mgonjwa hajengi mashine. Kilichomwokoa ni michoro na maelezo aliyokwisha kuwaonyesha watu kabla. Ofisi ya Hataza ikampa haki. Inasimuliwa kwamba Edison baadaye alimpa kazi, naye akakataa. Magazeti yakamwita Edison Mweusi, jina ambalo binafsi naliona dogo kwake.

Kushinda kesi hakukumjaza mfuko. Alihamia New York, akashughulikia tramu za umeme. Ulikuwa wakati wake kweli: Novemba 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika Buffalo, na kazi ya kwanza ilikuwa kuendesha tramu za mji. Ila mwaka 1892 Woods alikuwa amegombana na wafadhili wake, American Engineering Company, kuhusu mfumo aliouonyesha Coney Island. Akatangaza gazetini watu wasifanye nao biashara. Wakamshitaki kwa kashfa, na kwa kukosa dhamana akawekwa ndani. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachia, lakini jela alikuwa ameshaionja. Mtu mwenye hataza za kutosha, jamani, dhamana hana!

Mfumo wake wa reli ya tatu ulinunuliwa na General Electric mwaka 1901. Jumla alipata hataza zaidi ya 40. Alifariki New York tarehe 30 Januari 1910, akazikwa makaburi ya St. Michael's, Queens, bila jiwe wala jina. Jiwe liliwekwa mwaka 1975, baada ya mwanahistoria M. A. Harris kuchangisha fedha kwa makampuni yaliyotumia uvumbuzi wake.