Julius Hirsch: Mabao manne hayakumwokoa

Klabu ya Karlsruher FV leo inacheza ligi za chini Ujerumani, lakini mwaka 1910 ilikuwa bingwa wa nchi. Winga wake wa kushoto alikuwa kijana wa miaka 18, Julius Hirsch.

Mwaka 1912, huko Uholanzi, aliifungia Ujerumani mabao manne katika sare ya 5-5. Mwaka 1914 alitwaa ubingwa tena, mara hii na Fürth. Vita vilipozuka akaenda kupigana miaka minne, akatunukiwa nishani. Nduguye hakurudi.

Aprili 1933 alisoma gazetini kuwa vilabu vikubwa vya kusini vimeamua kuwatoa Mayahudi. Hirsch alikuwa Myahudi. Hakungoja kufukuzwa, aliiandikia klabu aliyoichezea tangu utotoni barua ya kujiuzulu, akikumbusha kuwa Mayahudi nao waliimwagia Ujerumani damu yao. Akahamia timu ya Mayahudi wenzake pale pale Karlsruhe.

Machi 1, 1943 alipandishwa treni kupelekwa Auschwitz. Huko ndiko alikoishia. Watoto wake wawili nao walipelekwa kambini mwaka 1945, lakini walinusurika.

Tangu 2005, shirikisho la soka la Ujerumani hutoa tuzo kwa jina lake.

Ndugu msomaji, ukisikia uwanjani mchezaji anatukanwa kwa dini au kabila lake, usicheke. Dhulma iliyomuua Hirsch haikuanzia kambini. Ilipita kwanza klabuni, watu walipokaa wakaamua nani si mwenzao.